Bao la Aziz Ki: picha inaweza kusema nini, na haiwezi kusema nini

Ukitaka kuona bodaboda wanasahau abiria, nenda kijiwe chochote hapa Kondoa mjini utaje tarehe moja tu: 5 Aprili 2024. Hutahitaji kueleza zaidi. Mmoja atasema "tuliibiwa", mwingine atasema "mpira haukuvuka wote", wa tatu atatoa simu akuoneshe picha aliyoitunza mpaka leo.

Kwa aliyesahau: ilikuwa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, mechi ya marudiano, Mamelodi Sundowns dhidi ya Yanga kwenye uwanja wa Loftus Versfeld, Pretoria. Mechi ya kwanza kwa Mkapa ilikuwa 0-0. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akapiga shuti la mbali, mpira ukagonga mtambaa wa panya, ukadunda chini, ukarudi uwanjani. Wananchi wakashangilia. Refa hakutoa bao. VAR ikapitia, uamuzi ukabaki vilevile. Mechi ikaisha 0-0, Sundowns wakashinda kwa mikwaju ya penalti 3-2. Yanga nje.

Makala hii haitakuambia kama lilikuwa bao. Najua hiyo si habari njema kwako uliyeingia hapa kutafuta silaha ya kijiweni. Ninachotaka ni kukupa maswali ya kuiuliza picha yoyote ya mpira, iwe ya bao au ya penalti, kabla hujaiamini. Maana tatizo letu na VAR ni kwamba tunadhani picha ni macho ya Mungu. Picha ni kipimo, na kila kipimo kina kosa lake.

Swali la kwanza: kamera ilikaa wapi?

Umewahi kupanda basi la Kondoa–Dodoma ukakaa karibu na dereva? Chungulia mshale wa spidi kutoka pale ulipo. Wewe utasoma namba moja, dereva anayeutazama moja kwa moja atasoma nyingine. Mshale ni uleule, ila uko mbele kidogo ya ubao wenye namba, kwa hiyo anayetazama kwa pembeni anauona umeangukia namba tofauti. Kwenye fizikia hii inaitwa paralaksi.

Mpira ulio hewani ni kama ule mshale, na mstari wa goli ni kama ubao wa namba. Sheria inasema bao ni pale mpira wote unapovuka mstari wote, chini au hewani. Sasa tupige hesabu kidogo. Hivi si vipimo vya Loftus, ni mfano tu.

Kamera iko juu mita 15.5, na kwa usawa wa ardhi iko mita 45 kutoka kwenye mpira. Haijakaa sawasawa na mstari wa goli, imesogea mita 9 kuelekea katikati ya uwanja. Mpira uko hewani, sentimita 50 kutoka chini. Kwa pembetatu zinazofanana, kila mita 15 za kushuka kutoka kwenye kamera zinalingana na mita 45 za kwenda mbele, yaani 1 kwa 3. Kwa hiyo ule mpira, kwenye picha, utaonekana umefunika sehemu ya ardhi iliyo mita 1.5 nyuma yake. Na kwa kuwa kamera imesogea mita 9 kati ya 45, yaani moja ya tano, basi moja ya tano ya hizo mita 1.5 inaelekea ndani ya goli. Hiyo ni sentimita 30.

Kipenyo cha mpira ni kama sentimita 22. Mstari wa goli hauruhusiwi kuzidi upana wa sentimita 12. Sasa ona: pembe peke yake imeusogeza mpira kwa zaidi ya upana wake wote! Kamera hiyohiyo ikikaa upande wa pili, nyuma ya mstari, itakudanganya kinyume: mpira uliovuka utaonekana haujavuka. Kwa hiyo mtu akikuambia "si unaona majani kati ya mpira na mstari?", muulize kwanza: mpira ulikuwa chini au hewani? Na kamera ilikuwa usawa wa mstari?

Unaweza kulijaribu hili mwenyewe. Kondoa iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, kama saa 6 na nusu mchana hivi, jua linakuwa karibu juu kabisa ya utosi. Kivuli cha mpira kinaangukia chini yake moja kwa moja. Chora mstari wa chokaa au majivu, mwambie mdogo wako aushike mpira hewani juu ya mstari, kisha upige picha ukiwa umesimama juu ya kitu kirefu, pembeni kidogo. Kivuli kitakuambia mpira uko wapi kweli. Picha itakuambia unaonekana uko wapi. Linganisha.

Swali la pili: ni fremu ipi?

Njia ya kukwepa paralaksi ipo: tafuta picha ya mpira ukiwa umegusa ardhi. Hapo urefu kutoka chini ni sifuri, na ujanja wa pembe unapungua sana. Lakini hata hapo kumbuka mpira ni duara. Unaweza kugusa majani nje ya mstari wakati tumbo lake bado linaning'inia juu ya chokaa. Ili mpira wote uwe umevuka, sehemu uliyogusa chini inatakiwa iwe kama sentimita 11 kupita ukingo wa ndani wa mstari.

Je, kamera ilinasa huo mguso? Matangazo ya kawaida ya televisheni hubeba picha 50 kwa sekunde, yaani moja kila sekunde 0.02. Mpira unaposhuka kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde, kati ya picha moja na nyingine unakwenda sentimita 30. Na muda mpira unaokaa chini unapodunda ni kama sekunde 0.01 tu, nusu ya muda wa kati ya picha mbili. Maana yake kuna uwezekano kama wa nusu kwa nusu kwamba tukio lenyewe tunalobishania limeangukia katikati ya picha mbili. Picha moja inaonesha mpira unashuka, inayofuata inaonesha unapanda. Mguso hakuna! Kukuza picha hakutausaidia, kwa sababu huwezi kukuza kitu ambacho hakikupigwa.

Ndiyo maana mashine ya kuangalia mstari wa goli ni kitu tofauti kabisa na VAR. Ilizaliwa kwa kilio kama hichi, na katika nchi hiyohiyo: tarehe 27 Juni 2010, Bloemfontein, shuti la Frank Lampard wa Uingereza dhidi ya Ujerumani liligonga mtambaa wa panya likadunda ndani kabisa, refa hakuona. Miaka 2 baadaye mashine ikaidhinishwa. Kombe la Dunia 2014 kule Brazil walitumia kamera 14, 7 kwa kila goli, zenye kunasa picha 500 kwa sekunde. Kwa kasi ileile ya mita 15, mpira unakwenda sentimita 3 tu kati ya picha na picha. Kompyuta inaunganisha pembe zote 7 kupata mahali halisi pa mpira, na saa ya refa inamtaarifu ndani ya sekunde moja.

Nayo hukosea. Tarehe 17 Juni 2020, Aston Villa na Sheffield United, kipa wa Villa alirudi ndani ya goli na mpira mkononi, saa ya refa ikanyamaza. Miili ya wachezaji na nguzo vilikuwa vimeziba kamera zote 7. Na VAR siku hiyo haikuingilia.

Swali la tatu: umeonyeshwa kwa kasi gani?

Hili ni la penalti zaidi. Kwenye kibanda umiza, beki akimgusa mshambuliaji ndani ya 18, marudio ya kwanza huwa ya polepole. Mguu unaonekana unakwenda taratibu, kama mtu aliyepanga tangu nyumbani. Kibanda kizima kinaamka: "Penalti hiyo!"

Mwaka 2016 watafiti wa Marekani, Eugene Caruso na wenzake, walichapisha matokeo yaliyoonesha kwamba mtu akitazama tendo kwa mwendo wa polepole, anaamini zaidi kuwa lilikusudiwa. Akili inahesabu muda inaouona, ikadhani mtendaji naye alikuwa na muda wote huo wa kufikiri. Mwaka 2018 Jochim Spitz na wenzake, Ubelgiji, wakawapima waamuzi 88 wa ngazi ya juu. Mwendo wa polepole haukuwafanya wawe sahihi zaidi kwa tofauti ya maana katika kuamua kama ni faulo. Kilichobadilika ni adhabu: walitoa kali zaidi.

Utaratibu wa VAR wenyewe unalijua hili. Unaelekeza mwendo wa polepole utumike kwa mambo ya ukweli mtupu, kama mguso ulikuwa wapi au mpira ulitoka, na kasi ya kawaida itumike kupima nguvu ya faulo au kuamua kama mchezaji ameunawa mpira. Ni maelekezo mazuri. Ila sisi watazamaji hatuna utaratibu huo. Televisheni inatupa ya polepole mara 4, tunaunda hukumu, halafu refa akija na uamuzi tofauti tunasema amehongwa.

Sasa lawama ni za nani?

Hapa ndipo nina ugomvi na VAR, na si pale kijiwe kinapopigia kelele.

Uwanjani tarehe 5 Aprili uamuzi wa kwanza ulikuwa "si bao". Kisheria VAR haiulizwi "unadhani ilikuwaje?" Inaulizwa kama kuna kosa la wazi na dhahiri. Ushahidi ukiwa na ukungu, uamuzi wa kwanza unabaki. Kwa hiyo "VAR imethibitisha si bao" na "VAR imeshindwa kujua" ni vitu viwili tofauti, lakini kwenye skrini vinatoka na sura moja. Maabara yoyote ikifanya hivyo tutaifunga. Ukipima malaria na kipimo kikaharibika, huandikiwi "hana malaria". Unaandikiwa kipimo kirudiwe.

Mechi hairudiwi, sawa. Lakini jibu la tatu lingeweza kutamkwa: ushahidi hautoshi. Tena lingetamkwa pamoja na picha zilizotumika na sauti za chumba cha VAR. Hili si ndoto. Kwenye Kombe la Dunia la Wanawake 2023 marefa walitangaza uamuzi wa VAR kwa kipaza sauti, uwanja mzima ukasikia. Uingereza, Liverpool walipokataliwa bao halali dhidi ya Tottenham tarehe 30 Septemba 2023, sauti za chumba zilitolewa, dunia ikasikia jinsi kosa lilivyotokea. Ilikuwa aibu, lakini iliweka mambo wazi.

Kwetu kimya kilifanya kazi yake. Watu wakakumbuka kwamba rais wa CAF, Patrice Motsepe, ndiye aliyekuwa mmiliki wa Sundowns, na mwenyekiti wa klabu ni mwanae. Huo si ushahidi wa wizi, na mimi sisemi ni wizi. Lakini shirikisho lenye kiongozi wa namna hiyo ndilo lilipaswa kuwa la kwanza kuweka picha zote mezani. Na mashindano yanayofika robo fainali bila mashine ya mstari wa goli yamechagua kuacha swali la sentimita lijibiwe na kamera zilizowekwa kwa ajili ya matangazo.

Maneno ya kuleta VAR kwenye Ligi Kuu yetu yamekuwa mengi, na wengi tunalitazama gari na skrini zake kama vile ni mganga. Ushauri wangu kwa wahusika ni wa bei ndogo kuliko gari. Kila goli liwe na kamera iliyokaa usawa kabisa wa mstari. Itangazwe mapema kamera ni ngapi na zinanasa picha ngapi kwa sekunde. Na baada ya kila tukio zito, picha na sauti zitolewe, hata kama jibu ni "hatukuweza kujua".

Nawe msomaji, mtu akikutumia picha ya lile shuti, mjibu kwa maswali matatu: kamera ilikaa wapi, ni fremu ipi, kwa kasi gani? Akiwa na majibu yote, mkalishe chini umsikilize vizuri. Huenda akawa mtu wa kwanza Kondoa nzima mwenye haki ya kusema lilikuwa bao.