Antivairasi kwa Kompyuta Isiyo na Intaneti Mchana

Kompyuta yenyewe ni HP ya mezani, mtumba wa Ulaya, RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka, na Windows 10 iliyopigwa na fundi siku ileile iliponunuliwa. Iko sebuleni kwa dada yangu, Tabata, Dar es Salaam. Dada ni mwalimu wa sekondari. Hapo ndipo anapotungia mitihani na kupanga matokeo. Shemeji anaitumia kwa ritani za TRA na barua za kikundi chake. Kijana wao wa kidato cha tatu anaitumia kwa masomo, kwa maelezo yake mwenyewe, na kwa magemu, kwa ushahidi wa folda ya Downloads. Intaneti ni hotspoti ya simu ya shemeji. Akitoka alfajiri inatoka naye, akirudi jioni inarudi naye, kama bando lipo.

Shemeji alitaka jina moja tu. "Niambie ipi kali, ninunue, tumalize." Majina yapo tele, na kwa mtu mwenye intaneti ya siku nzima ningemjibu palepale bila hasara kubwa. Kwa nyumba hii jibu lilichukua mchana mzima, na sababu kuu ilikuwa hiyo hotspoti.

Kwanza, kinga ilikuwa ipo tayari. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Microsoft huweka antivairasi kamili ndani ya Windows yenyewe, na leo inaitwa Microsoft Defender. Ukisakinisha antivairasi ya kampuni nyingine, Defender hujiweka pembeni yenyewe, kwa sababu antivairasi mbili zinazokagua faili lilelile kwa wakati mmoja hugombana na kuifanya mashine itambae. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote nilitaka kujua hii ya bure imefanya kazi gani humo ndani. Nikafungua Windows Security, nikaingia kwenye mipangilio ya virusi, nikashuka hadi chini kabisa palipoandikwa Exclusions. Ni orodha ya mahali ambapo antivairasi imeagizwa isikague. Ilikuwa na mistari miwili: folda ya programu iliyotumika kuiamilisha Windows bila leseni, na diski C nzima.

Hebu tuelewane hapo. Ikoni ilikuwa ya kijani, alama ya tiki ipo, ujumbe unasema hakuna tatizo. Ni mlinzi aliyelipwa, akavalishwa sare, kisha akaambiwa akae ameugeukia ukuta.

Fundi hakufanya hivyo kwa nia mbaya. Programu hizo za kuamilisha Windows, yaani aktiveta, hutambuliwa na Defender kama zana za udukuzi, hufutwa papo hapo, na baada ya siku chache mteja anarudi dukani akilalamika kwamba skrini imeandika Windows haina leseni. Njia ya mkato ni kuizuia antivairasi isiione programu hiyo, na fundi mwenye haraka huiondoa diski nzima kwenye ukaguzi. Duka linapata amani, na hasara inahamia nyumbani kwa mteja.

Kijana naye alikuwa na utaratibu wake. "Mjomba, usipozima antivairasi gemu halikubali." Ni kweli, na ndiyo shida yenyewe. Maelekezo yanayokuja na gemu lililokrakiwa huanza kwa kukutaka uzime kinga, kwa hiyo anayetaka kukupenyezea kitu hahitaji tena kuishinda antivairasi. Wewe mwenyewe umeshamfungulia. Familia ya virusi iitwayo STOP, au Djvu, ambayo hufunga mafaili yako kwa msimbo na kudai fidia, imeenea kwa miaka mingi kupitia njia hiyohiyo ya kraki na aktiveta. Mwaka 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa zana ya bure ya kuyafungua mafaili yaliyofungwa na baadhi ya matoleo yake. Ila kama kompyuta ilikuwa kwenye intaneti wakati inashambuliwa, ufunguo hutengenezwa kwenye seva ya mshambuliaji, kwa ajili yako peke yako, na zana hiyo haina la kufanya.

Mlango wa pili ni flashi, na hapa ndipo nyumba ya mwalimu inapotofautiana na nyumba nyingine. Mtihani unatungwa nyumbani, unapelekwa steshenari kuchapwa, na kompyuta ya steshenari hupokea flashi za mtaa mzima. Inarudi ikiwa na kile ambacho kila mtu hapa anakiita kirusi cha shotikati: folda zako zote zimegeuka kuwa vifaili vya KB 1 au 2 vyenye kamshale pembeni. Ukibofya kimojawapo kwa kitufe cha kulia, ukaenda Properties na kusoma mstari wa Target, hutakuta njia ya kwenda kwenye folda. Mara nyingi utakuta amri inayoiita wscript.exe iendeshe faili la .vbs lililofichwa kwenye flashi, kisha ifungue folda yako halisi ili usishtuke. Mitihani haijafutwa. Imepewa tu sifa ya kufichwa na sifa ya kuwa faili la mfumo, na amri moja ya attrib -h -r -s /s /d, ikielekezwa kwenye herufi ya flashi, huirudisha yote. Wapo watu mjini wanaolipwa kwa kuandika mstari huo mmoja.

Kirusi hiki kinategemea kidole chako kwa sababu ya historia. Mwaka 2008 kirusi Conficker kilitumia Autorun, sehemu ya Windows iliyoitikia flashi mara tu inapochomekwa. Microsoft ikaiziba njia hiyo kwa flashi katika Windows 7, na Februari 2011 ikapeleka zibo hilo kwa XP na Vista. Waandishi wa virusi wakahamia kwenye hila inayongoja ubofye mwenyewe.

Sasa turudi kwenye majina aliyoyataka shemeji. Maabara mbili zinazotajwa sana ni AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. AV-TEST hutoa alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi na 6 kwa kutopiga kelele za uongo, jumla 18. Siku hizi programu nyingi, Defender ikiwemo, zinagonga 18 au kukaribia, hivyo jedwali hilo linakuambia ipi ni mbovu kuliko linavyokuambia uchague ipi kati ya nzuri. AV-Comparatives wana jaribio lenye manufaa zaidi kwetu. Katika kipimo chao cha ulinzi dhidi ya mafaili yenye virusi, kuna safu ya utambuzi kompyuta ikiwa na intaneti na safu nyingine ikiwa haina. Wahakiki wengi hunakili safu ya kwanza wakaishia hapo. Mimi kwa nyumba ya Tabata nilianzia ya pili.

Tofauti kati ya safu hizo inatokana na jinsi kinga ya leo inavyofanya kazi. Defender ikikutana na faili geni lenye kutia shaka, inaweza kulizuia lisifunguke kwa sekunde 10 huku ikiiuliza seva ya Microsoft kama faili hilo limeshaonekana kwingine duniani. Hapo ndipo nguvu yake kubwa ilipo. Bila intaneti hakuna wa kumuuliza, inabaki na orodha iliyopakuliwa mara ya mwisho na ubashiri wake wenyewe, na kwenye safu ya pili huonyesha pengo kubwa kuliko washindani kadhaa. Dada huchomeka flashi saa nane mchana. Shemeji yuko kazini na hotspoti yake.

Isitoshe, shemeji alikuwa ameiwekea Windows alama kwamba mtandao huo ni wa kulipia, ili isimalize bando. Akili nzuri, simlaumu. Lakini masasisho yakawa yanasubiri ruhusa isiyokuja, na orodha ya virusi ilikuwa ya wiki kadhaa nyuma. Pengo la mchana likawa pana zaidi.

Kwa kigezo cha safu ya pili peke yake, Avast na AVG za bure zingepita Defender. Hapo nikasita, na nadhani msomaji naye angesita. Antivairasi inaona kila faili unalofungua na kila ukurasa unaoutembelea, kwa hiyo unamchagua muuzaji kabla ya kuchagua injini. Januari 2020 ilibainika kwamba Avast, ambayo tayari ilikuwa imeinunua AVG, ilikuwa ikiuza taarifa za kuvinjari za watumiaji wake kupitia kampuni tanzu yake Jumpshot. Jumpshot ikafungwa mwezi huohuo. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ikatangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5, na ikaizuia kuuza taarifa hizo kwa ajili ya matangazo. Mtu anaweza kusema wameshaadhibiwa, sasa ndio wanaochungwa kuliko wote. Hoja hiyo ina uzito. Dada yangu, mwenye alama za wanafunzi kwenye mashine hiyo, hakuikubali, na sikumbishia.

Kaspersky hufanya vizuri kwenye vipimo, ila Marekani ilipiga marufuku mauzo yake mwaka 2024 kwa hofu ya uhusiano na serikali ya Urusi. Katazo hilo halitufungi sisi, na kila mtu atalipima mwenyewe. Smadav ya Indonesia, ambayo utaikuta kwenye kompyuta nyingi mtaani kwa sababu ya flashi, hujitangaza yenyewe kuwa kinga ya ziada. Kuiweka peke yake ni kuielewa vibaya. Za kulipia zilizobaki kwenye meza zilikuwa ESET, yenye sifa ya wepesi, na Bitdefender. Yoyote kati ya hizo ingekuwa uamuzi wa heshima. Tatizo ni kwamba zingesakinishwa juu ya Windows ya aktiveta, na mara ya kwanza ambapo zingefuta aktiveta hiyo kijana au fundi angezizima. Pia ni bili ya kila mwaka, na bei ya mwaka wa pili mara nyingi hupanda kuliko ile iliyokuvutia ya kwanza.

Tukabaki na Defender, tukalishughulikia pengo la mchana kwa njia nyingine. Windows ikapigwa upya kwa leseni halali. Hiyo ndiyo iliyokula sehemu ya fedha za antivairasi. Orodha ya Exclusions ikabaki tupu. Windows Script Host, kile kiungo kinachoendesha mafaili ya .vbs, nikakizima kwenye rejista: thamani ya Enabled ikawa 0. Nyumbani hakuna anayekihitaji, na kirusi cha kawaida cha shotikati hata kikibofywa mchana bila intaneti hakina miguu ya kutembelea. Wapo wajanja zaidi. Raspberry Robin, aliyegunduliwa mwaka 2021, naye husambaa kwa shotikati kwenye flashi lakini hutumia msiexec badala ya wscript. Huyo kwa bahati hulazimika kupakua mwili wake kutoka mtandaoni, kwa hiyo anapopata intaneti Defender nayo inakuwa imeipata.

Kijana alipewa akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya usimamizi, na nywila ya usimamizi ikabaki kwa mama yake. Manung'uniko yalikuwepo. Folda za mitihani na matokeo tukaziingiza chini ya Controlled folder access, sehemu ya Defender inayozuia programu isiyojulikana kubadilisha mafaili yaliyomo. Imezimwa tangu kiwandani na wengi hawajui kama ipo. Kujua kama mlinzi ameamka, tulitumia faili la majaribio la EICAR: herufi 68 zisizo na madhara ambazo antivairasi karibu zote zimekubaliana kuzikamata. Tuliliandika kwenye Notepad, tukalihifadhi, likaondolewa kabla hatujalifungua. Hotspoti ilibaki na alama ya mtandao wa kulipia, ila sasa shemeji akiwasha bando jioni anabofya mwenyewe kutafuta masasisho ya kinga. Ya kila siku ni madogo. Yakiachwa yalimbikizane ndipo bando linapoumia.

Fedha zilizobaki zilinunua diski ya nje. Huchomekwa kwa kunakili tu, kisha huchomolewa na kufungiwa kabatini, kwa sababu kirusi cha fidia hufunga kila diski kinayoikuta imeunganishwa. Shemeji aliuliza kama haya yote yatamkinga na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Hapana. Huo ni wizi wa kumwendea mtu, na hauna faili la kukagua.

Kuna jambo moja ambalo antivairasi yoyote isingelitatua. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kichakato cha HP hiyo hakikubaliki kwa Windows 11. Microsoft imeahidi kuendelea kuleta orodha za virusi za Defender kwa Windows 10 hadi Oktoba 2028, lakini orodha haizibi tundu kwenye mfumo. Kirusi cha fidia WannaCry kilipoanza kuenea tarehe 12 Mei 2017, zibo la tundu kililopitia lilikuwa limetolewa Machi 14. Walioumia ni wale ambao halikuwafikia. Tuliisajili mashine kwenye mpango wa masasisho ya ziada wa Microsoft, unaokwenda hadi Oktoba 2026. Baada ya hapo ni ama Linux, ambayo dada yuko tayari kuijaribu ilimradi mitihani yake ifunguke bila kuvurugika, ama mtumba mwingine wenye kichakato kipya kidogo, na safari hii tutaipiga Windows wenyewe.