Jozi ya Majina: Jinsi Nasaba za Wafaransa wa Kanada Zinavyofuatiliwa

Mtafiti wa nasaba za Wafaransa wa Kanada hutegemea kumbukumbu za ndoa kuliko za ubatizo, na sababu yake imo katika desturi zenyewe za kupeana majina. Katika parokia za Québec, hasa kufikia karne ya 19, mtoto wa kiume alibatizwa kwa kawaida kwa jina la Joseph na wa kike kwa jina la Marie, mara nyingi likafuata jina la msimamizi wake wa ubatizo, na mwishoni ndipo likaja jina aliloitwa nyumbani, kiasi kwamba ukurasa mmoja wa daftari unaweza kujaa akina Marie ambao hawakuwahi kuitwa hivyo na mtu yeyote.

Jina la ukoo nalo halikutulia. Askari wa mfalme wa Ufaransa walizoea kupewa majina ya kivita, na wale wa kikosi cha Carignan-Salières, waliowasili mwaka 1665 wakiwa kama 1,200 na ambao takriban 400 kati yao walibaki kuwa walowezi, waliyaacha majina hayo kwa watoto wao. Likatokea jina la sehemu mbili zilizounganishwa kwa neno “dit”, yaani “aitwaye”, kama Hudon dit Beaulieu, ingawa mengine ya namna hiyo yalitokana na kijiji cha asili au jina la babu. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuandikwa mmoja Hudon, mwingine Beaulieu. Wazao waliohamia miji ya viwanda ya New England, Marekani, waliongeza ugumu kwa kuyatafsiri, Boisvert akawa Greenwood na Roy akawa King.

Ndoa ndiyo inayofungua njia. Padri aliwataja maharusi pamoja na wazazi wa pande zote mbili, na kila mama akaandikwa kwa jina la ukoo aliozaliwa, kwa kuwa mwanamke hakulipoteza jina la baba yake kwa kuolewa, jambo ambalo msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyezoea kusikia “fulani binti fulani”, atalielewa bila maelezo. Kwa hiyo kumbukumbu moja humpa mtafiti jozi mbili za kizazi kilichotangulia, naye huitafuta ndoa ya kila jozi, kisha ya wazazi wao. Nguvu ya njia hii iko kwenye jozi: akina Joseph Hudon wanaweza kuwa wengi, lakini ni nadra wawili wao wawe wameoa wanawake wenye jina na ukoo uleule katika parokia moja. Tahadhari inahitajika kwa wajane, kwani padri mara nyingi alimtaja marehemu mwenzi badala ya wazazi, na hapo ni lazima kurudi kwenye ndoa ya kwanza.

Amri ya kifalme ya mwaka 1667, iliyotaka madaftari yaandikwe kwa nakala mbili, ilisaidia kumbukumbu nyingi kunusurika, na juu yake Padri Cyprien Tanguay alijenga kamusi yake ya nasaba ya juzuu saba (1871–1890). Tangu mwaka 1966 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal wameziunganisha kumbukumbu hizo familia kwa familia kwa msaada wa kompyuta.

Hata hivyo, daftari haliwezi kuwa la kweli kuliko aliyejieleza mbele ya padri. Babu wa ukoo wa mwandishi Jack Kerouac alimwoa Louise Bernier huko Cap-Saint-Ignace mwaka 1732 kwa jina lisilo lake halisi, na mnyororo ukakatikia hapo. Kerouac mwenyewe alikwenda Ufaransa mwaka 1965 kuutafuta ukoo wake, asifanikiwe. Ni nyaraka za Bretagne, zilipolinganishwa na za Kanada, zilizomtambulisha babu huyo kuwa Urbain-François Le Bihan de Kervoac wa Huelgoat, mnamo mwaka 1999, miaka 30 baada ya Kerouac kufariki dunia.