Degedege ndani ya kokwa ya ginkgo

Nchini Japani kokwa za mti wa ginkgo huitwa ginnan. Hukaangwa au kuchemshwa, zikaliwa chache chache kama kitafunio. Lakini kati ya 1930 na 1960, hasa chakula kilipoadimika, watu walizila kwa wingi ili kujaza tumbo. Visa vipatavyo 70 viliripotiwa: kutapika, kisha degedege baada ya saa chache. Zaidi ya robo ya wagonjwa walifariki, na wengi waliopatwa walikuwa watoto wadogo.

Anayepika muhogo mchungu anajua kwamba kuloweka, kuanika na kupika vizuri hupunguza sumu yake. Kokwa ya ginkgo haimpi mpishi nafasi hiyo, kwani sumu yake hustahimili moto.

Mwaka 1985 mtafiti Keiji Wada na wenzake waliitenga sumu hiyo na kusoma umbo lake. Ilikuwa karibu vitamini B6 yenyewe! Katika mkono mmoja wa molekuli, atomu moja ya haidrojeni haipo. Pahali pake imekaa kaboni iliyobeba haidrojeni tatu. Tofauti ni hiyo tu. Iliitwa ginkgotoksini.

Umbo hilo lilieleza ugonjwa mzima, na hapo ndipo ninapoona uzuri wa kazi ile. B6 tunayokula haifanyi kazi mpaka kimeng'enya maalumu kiiunganishe na fosfeti. Ginkgotoksini huja na sura ya vitamini na kukalia nafasi ileile. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2007, yaliyotumia kimeng'enya cha binadamu, yalionyesha kuwa hushikwa kwa urahisi zaidi kuliko vitamini halisi, nayo vitamini ikabaki inasubiri. Ubongo unahitaji B6 iliyokamilika ili kugeuza glutameti, inayochochea neva, kuwa GABA, inayozituliza. Kazi hiyo ikikwama, kitulizo hupungua, mizani ikaelemea upande wa kichocheo, na mtoto akakakamaa.

Tiba nayo ikaeleweka: vitamini iliyosukumwa kando huongezwa mpaka ipate nafasi yake. Mgonjwa hupewa B6.

Vidonge vya ginkgo vinavyouzwa kwa ajili ya kumbukumbu ni habari nyingine, maana hutengenezwa kwa majani, na jaribio la Marekani lililowahusisha wazee 3,069 na kutangazwa 2008 halikuona vikizuia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Navitaja kwa sababu nasikia watu wakisema "ginkgo" kana kwamba mti mzima ni dawa moja. Jani si kokwa.

Kwetu mantiki hiyo ya kuongeza B6 iliyosukumwa kando ipo kliniki, ingawa ginkgo haimo. Anayemeza isoniazidi kwa ajili ya kifua kikuu, au kujikinga nacho, mara nyingi hupewa na kidonge cha B6. Isoniazidi nayo huidhoofisha vitamini hiyo, kwa njia yake yenyewe. Ganzi na kuwaka moto nyayoni huanzia hapo. Na mtu akimeza isoniazidi kupita kiasi, hupatwa na degedege, na dawa anayochomwa ni ileile B6.