Gobore Halina Ganda: Tahakiki ya Istilahi za Bunduki ya Marisau

Wilayani Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kama katika sehemu nyingine za nchi ambako mashamba yanapakana na mapori, bunduki yenye sura ya kizamani huitwa gobore. Ikiwa na kitako cha mti na nyundo zinazoonekana nje, basi ni gobore. Mazungumzoni hatuna ugomvi na matumizi hayo. Lakini tumepitia tafsiri moja ya karatasi ya maelekezo, iliyokusudiwa wenye bunduki mpya zilizoundwa kwa mtindo wa karne ya 19, na humo mfasiri amelichukua neno hilo la barazani akalipa kazi ya ufundi. Sehemu ya hitilafu ameipa kichwa "Gobore Lisipotoa Ganda".

Jambo hilo haliwezekani. Gobore hushindiliwa kwa mdomoni: baruti kwanza, kisha kizibo, kisha marisau au vipande vya chuma, vyote vikisukumwa kwa mdeki, fataki ndiyo inayowasha. Hakuna ganda la kutoa. Bunduki inayoelezwa katika karatasi ile hukunjwa katikati na kutiwa risasi kwa nyuma. Jina lake lipo tangu zamani, nalo ni bunduki ya marisau. Na yenye mitutu miwili wazee waliiita bunduki ya midomo miwili. Ajabu ni kwamba mfasiri analijua neno marisau, maana amelitumia mara moja, kisha akaliacha.

Kosa la pili ni zito zaidi, ingawa halionekani upesi. Katika bunduki za aina hii kuna vyombo viwili tofauti. Cha kwanza hushika ukingo wa ganda na kulivuta kidogo kutoka chemba, ili mpigaji alimalizie kwa vidole. Cha pili hulirusha ganda nje kwa nguvu ya springi. Mfasiri ameviita vyote viwili "kitoa ganda", na kazi zote mbili ameziita "kutoa". Kwa hiyo msomaji aliyefungua bunduki yake akakuta ganda limechungulia tu hajui kama bunduki ni mbovu au nzima. Nyingi za bunduki hizi za mtindo wa kale hazina chombo cha pili kabisa. Ganda kuchungulia ndiyo kazi yake yote. Mtu huyo atampelekea fundi bunduki isiyo na ugonjwa, na huenda fundi akaitafutia ugonjwa.

Kinyume chake, ganda likikwama lisisogee, sababu ni nyingine: masizi na kutu katika chemba, ganda lililovimba, au jino la chombo cha kwanza lililolika likawa linateleza juu ya ukingo. Springi ya chombo cha pili ikichoka, ganda husogea lakini halirushwi. Dalili ni mbili na tiba ni mbili. Kitenzi kimoja hakiwezi kuzitenganisha.

Twaonelea Kiswahili hakina upungufu hapa. Kuna kuchomoa, na kuna kutema. Kwa kufuata kipaza sauti na kipima joto, ambavyo vimekwisha kuzoeleka, tunapendekeza kichomoa ganda na kitema ganda. Wapo watakaotaka ekstrakta na ejekta. Fundi aliyefunzwa kwa Kiingereza atayaelewa, lakini karatasi ile haikuandikiwa fundi.

Watumishi wa serikali wasidhani kwamba haya ni ya mafundi peke yao. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na bunduki ikikamatwa hifadhini huandikwa katika hati kabla haijafika mahakamani. Tena, Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hati ikisema kwamba mtuhumiwa alikuwa na gobore, na kwamba maganda yaliokotwa alipopigia, sentensi hizo mbili zinapingana, na wakili mwangalifu hatakosa kuuliza. Vilevile bunduki yenye kichomoa tu hairushi ganda chini. Mpigaji hulitoa kwa mkono, na anaweza kulitia mfukoni. Ganda kutoonekana mahali pa tukio hakuthibitishi kwamba bunduki haikupigwa hapo. Haya yote hupotea katika neno "kutoa".

Limebaki jambo moja la vipimo. Tafsiri inaonya kwamba "risasi yenye urefu wa milimita 70 isitiwe katika chemba ya milimita 65". Onyo ni la kweli, na maneno yanaliharibu. Kipimo hicho ni cha ganda lililokwisha kupigwa, mdomo wake ukiwa umefunguka. Kabla ya hapo mdomo umekunjwa, risasi ni fupi, na huingia katika chemba ya milimita 65 bila kizuizi chochote. Mwenye bunduki akiipima kwa rula ataona ni salama. Akipiga, mdomo hukosa nafasi ya kufunguka sawasawa, shinikizo hupanda, na ganda huweza kukwama. Kisha atarudi kusoma "Gobore Lisipotoa Ganda" asipate jibu. Tungeandika: "risasi ambayo ganda lake, baada ya kupigwa, lina urefu wa milimita 70".