Tunapatanisha Watu ao Mali?

Tukirudi kutoka safari ya vijiji vya Kasongo ao vya Kabambare, mara nyingi twaandika katika daftari: «Bwana na bibi wamepatana». Inafaa tuchungue neno hilo, maana mimi mwenyewe nililiandika vibaya.

Mwaka wa kwanza wa upadri wangu, bibi mmoja mkristu alirudi kwa mama yake. Wazee wa pande mbili walikaa barazani siku nzima. Walihesabu mbuzi na feza za mali, wakauliza nani atazirudisha. Baba yake hakuwa nazo tena, kwani kaka yake alikwisha kuoa nazo. Basi wakamrudisha bibi kwa bwana wake, nami nikawabariki. Hakuna aliyemwuliza kwa nini alitoka. Kisha wiki tatu alikimbia tena usiku, mkono umevunjika.

Sizarau baraza la wazee. Ndoa kwetu ni ya jamaa mbili, na asiyewaita wazee hajengi kitu. Ndugu zetu Waislamu, walio wengi huku Kasongo tangu karne ya 19, wana agizo katika Kurani, sura ya 4, aya ya 35: msuluhishi mmoja atoke kwa jamaa ya bwana, na mmoja kwa jamaa ya bibi. Hiyo ni hekima, maana kila upande unapata msemaji. Lakini jamaa ikiogopa deni la mali, msemaji wa bibi hunyamaza.

Sheria ya Jamaa ya Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987, inamwagiza mwamuzi ajaribu kupatanisha kabla ya kuvunja ndoa. Ilipogeuzwa mwaka 2016, iliondoa pia ruhusa ya bwana ambayo mke alipaswa kuomba kwa matendo ya sheria. Hayo ni mema. Walakini mapatano ya mwamuzi yanaanza wakati mtu amekwisha kuomba talaka, na tribinali iko mbali na vijiji vingi. Katekista yuko karibu. Ndiyo maana kosa letu ni zito kuliko la mwamuzi: sisi tunafika kwanza.

Basi tufanye hivi. Kwanza, tumsikilize kila mmoja peke yake, na bibi awe na mama mmoja wa kuaminika karibu naye. Pili, shauri la mali liwekwe kando mpaka shauri la watu limalizike. Tatu, tukiona mapigo, tusiite baraza kabla bibi na watoto hawajapata mahali pa salama. Mtu anayeogopa hapatani, anatii tu.

Wengine watasema: «Padri huyu anafungulia talaka mlango». Sivyo. Kifungo cha ndoa kinabaki. Lakini Eklezya yenyewe, katika kanuni ya 1153, inamruhusu mwenye ndoa kuachana na mwenzake anayemtia katika hatari kubwa ya roho ao ya mwili, yeye ao watoto; na kama kukawia kuna hatari, aweza kutoka kwa amri yake mwenyewe. Papa Fransisko, katika Amoris laetitia ya mwaka 2016, namba 241, alifundisha kwamba mara nyingine kutengana kunalazimu. Mtakatifu Paulo naye, akiwaandikia Wakorinto, alikataza kuachana, lakini alijua kwamba wengine wametengana. Aliwaomba wabaki bila kuoa tena, ao wapatane.

Hata wakitengana, kazi ya msuluhishi haijaisha. Nani atalipa masomo ya watoto? Watamwona baba yao siku gani? Shamba lililolimwa na wawili litavunwa na nani? Kanuni ya 1154 inadai watoto walindwe na kulelewa. Mambo hayo, tukiyaacha, yanaleta uadui wa jamaa mbili kwa miaka mingi, na njia ya kurudiana inafungwa kabisa.

Ndugu mapadri na makatekista, safari ijayo, kabla ya kuandika «wamepatana», tumwulize bibi yeye mwenyewe, bila bwana wala baba yake kusikia. Akisema hapana, tuandike hapana, kisha tuanze kazi upya.