Mdomo wa Mpira

Maji ya Mto Ruaha Mdogo yanayopita hapa kwetu Kalenga, Iringa, huenda kuungana na Ruaha Mkuu, kisha hujimwaga Bwawa la Mtera. Kwa hiyo injini ya boti iliyoletwa siku ile kutoka Mtera, imefungwa gunia nyuma ya pikapu, ilikuwa imepanda juu kuyafuata maji yaliyoiharibu. Fundi wetu kazi yake hasa ni pampu za kumwagilia nyanya. Lakini anayejua kuzuia maji kwenye pampu hashindwi na boti.

"Kamwene, mzee," alisalimia mvuvi. "Mashine inakunywa maji."

"Kamwene. Tuione."

Fundi akaisimamisha ile injini ya nguvu za farasi 15, akalegeza skrubu ya chini kwenye mguu wake wenye giaboksi, kisha ya juu. Kilichotoka kilifanana na chai iliyozidishwa maziwa. Fundi akakisugua kati ya vidole viwili. "Oili ikitoka nyeusi imechoka," alisema. "Ikitoka nyeupe imezama."

Mwingine angeishia hapo: sili mpya, nyundo, oili, pesa mkononi. Yeye alifungua pangaboi na kuchungulia nyuma yake. Kwenye shafti palikuwa na uzi wa nailoni wa kuvulia, umejisokota na kukazwa hadi ukawa pete. Ulikuwa umejipenyeza mpaka kwenye sili na kuukata mdomo wake. Akaukwanyua kwa ncha ya bisibisi, akamwekea mvuvi kiganjani bila neno.

Sili zenyewe ni mbili, zimepeana mgongo. Moja inatazama ndani kuishika oili, nyingine inatazama nje kuyakataa maji. Kila moja ina mdomo mwembamba wa mpira uliokumbatiwa na kispringi chembamba, nao hugusa shafti inayozunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika injini ikikolea. Ukibana mno, unaungua. Ukilegea, maji yanaingia. Sili ni ngome, na sisi ngome tunazijua: jina la Iringa linatokana na lilinga, yaani ngome kwa Kihehe. Ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, hapa Kalenga ilitekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, nao walikuja na mizinga. Ngome ya giaboksi inaangushwa na uzi.

Kabla ya kugusa sili mpya, fundi alipitisha ukucha juu ya shafti, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba. Ukucha ukikwama, pana mfereji, na sili mpya itavuja kama ya zamani. Haukukwama. Akasafisha kiti cha sili, akapaka grisi kwenye midomo, akazisukuma sili kwa kipande cha bomba kilichowiana nazo ili zisikae upande.

Kisha akafunga bomba la baiskeli kwenye tundu la oili, akajaza upepo kidogo na kuuzamisha mguu ndani ya nusu pipa la maji. Tukasubiri. Hakuna povu. Akaizungusha shafti kwa mkono, maana iko sili inayoshika ikiwa imetulia na kusaliti ikizunguka. Bado hakuna povu. Oili akaijaza kutoka tundu la chini, ikipanda na kuufukuza upepo mpaka ikachungulia juu. Akafunga skrubu ya juu kwanza, ndipo ya chini, kila moja na wosha mpya.

Seremala akichonga mlango wa mninga, wapita njia husimama na kuusifu. Kazi ya fundi wa sili hufichwa na pangaboi siku hiyo hiyo, na sifa yake ni kwamba hakitokei kitu. Upepo wa jioni utaichafua Mtera, mvuvi atageuza boti kuelekea nyumbani, wala hatakumbuka kwamba kuna mdomo wa mpira unaomrudisha kwa watoto wake. Mimi nausifu ufundi huu kwa sababu hauanzi kwenye kubadilisha. Unaanza kwenye kuuliza.

Basi nawe ukipeleka injini kwa fundi, iwe ya boti, ya pampu au ya pikipiki, usiulize bei ya sili peke yake. Muulize ile ya zamani ilikatwa na nini. Akikosa jibu, utarudi kwake na tatizo lile lile.