Pongezi kwa Fundi wa Silaha

Hapa Usenge, kando ya ziwa, tunawasifu wavuvi na mafundi wa mashua, na wanastahili. Leo namsifu fundi asiyetajwa: anayewatunzia polisi wetu bunduki na risasi.

Unyevu wa ziwa hauna huruma kwa risasi. Fundi huzikagua moja moja: ganda la shaba lisiwe na ufa wala kutu ya kijani, kichwa kisilegee wala kuzama, fataki isichomoze kitakoni. Bunduki inayojipakia yenyewe, kama G3 ya polisi, husukuma risasi chembani kwa nguvu. Fataki iliyochomoza yaweza kulipuka kabla kufuli halijafunga. Kichwa kikizama, shinikizo la gesi hupanda, na bunduki yaweza kupasuka mikononi mwa askari.

Kwa hiyo fundi hakisii. Risasi yenye shaka huitenga, huiandika na kuirudisha ghalani. Hajaribu kuijaza upya: kujaza baruti ni kazi ya kiwandani, kama kile cha Eldoret, na Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haimruhusu mtu kutengeneza risasi bila idhini.

Askari akirudi salama kutoka doria, na fundi ana sehemu yake. Mafundi wetu, hongereni sana.